Bawa la nyenze na Pseudomonas aeruginosa: uchambuzi wa uso unaoua bakteria kwa umbo lake

Kisa hiki kilitokea Melbourne, Australia. Mwaka 2012 kundi la Elena Ivanova na Russell Crawford wa Chuo Kikuu cha Swinburne, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, lilichapisha matokeo ya jaribio ambalo kwa maelezo ni dogo: vipande vya bawa la nyenze wa spishi Psaltoda claripennis viliwekewa maji yenye bakteria Pseudomonas aeruginosa, kisha vikaangaliwa kwa hadubini. Bawa hilo hufukuza maji kwa nguvu sana. Tone likitua juu yake hubaki duara, na pembe yake ya mguso, yaani pembe kati ya ukingo wa tone na uso, hukaribia digrii 159. Nyuso za aina hiyo zilishajulikana kwa kujisafisha, kwa sababu tone huviringika na kuondoka na vumbi. Kwa hiyo ilitarajiwa kwamba bakteria nao hawatapata pa kushika.

Walishika, tena kwa wingi. Na ndani ya dakika kama tano seli zilizokuwa zimeshika zilikuwa zimekufa, utando wake umepasuka na mwili wake umezama katikati ya vinundu vya bawa. Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa na uzito, maana uso usioshikika na uso unaoua ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtu anayetaka kutengeneza kipandikizi cha nyonga au kishikio cha mlango wa wodi. Bawa la nyenze halikuwazuia bakteria. Liliwapokea, likawaua.

Bakteria aliyechaguliwa naye hakuwa wa kubahatisha. P. aeruginosa huishi kwenye maji ya mabomba, kwenye sinki, kwenye mirija ya mashine za kupumulia na kwenye vidonda vya moto, na huvumilia dawa nyingi. Aina yake inayostahimili dawa za kundi la kabapenemu iliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 katika daraja la juu kabisa la vimelea vinavyohitaji dawa mpya. Ukipata kitu kinachomuua huyu bila dawa, una sababu ya kukichunguza hadi mwisho.

Uso wenyewe

Ukilitazama bawa kwa hadubini ya elektroni utaona nguzo fupi zilizojipanga kwa mpango wa pembe sita, kila moja ikiwa na kichwa cha mviringo. Urefu wake ni nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita), upana wa kitako nanomita 100, na upana wa kichwa nanomita 60. Kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya jirani yake ni nanomita 170. Vipimo hivi vinafaa kuandikwa ukutani kwa kila anayefanya kazi hii, kwa sababu karibu kila hoja inayofuata inatokana navyo.

Kwa mpangilio huo, mikromita moja ya mraba ina nguzo 40 hivi. Seli ya P. aeruginosa ni kijiti chenye urefu wa mikromita 1.5 hadi 3 na unene wa mikromita 0.5 hadi 0.8. Tukichukua seli ya wastani ya mikromita 2 kwa 0.7, kivuli chake kinafunika eneo la mikromita 1.4 za mraba, yaani nguzo zaidi ya 50. Kwa kuwa seli ni duara kwa upande, si zote zinazoguswa, lakini bado ni makumi ya nguzo chini ya seli moja. Kati ya kichwa na kichwa kuna uwazi wa nanomita 110 tu, ambao seli haiwezi kupita nzima nzima. Inachoweza kufanya ni kulala juu ya vichwa, na ngozi yake ya chini kuanza kushuka kwenye nafasi zilizo katikati.

Kuondoa washukiwa

Mtu akiona bakteria wamekufa juu ya kitu cha asili, jambo la kwanza kushuku ni kemikali. Bawa la mdudu lina tabaka la nta na mafuta, na mafuta mengine huua bakteria. Kundi la Swinburne lililitatua hilo kwa njia safi: walifunika bawa kwa dhahabu yenye unene wa nanomita 10. Unene huo unatosha kuficha kemia yote ya nta, lakini ni mdogo mno kuziba nguzo za nanomita 200. Tabia ya kufukuza maji ilipungua waziwazi, uso ukawa wa dhahabu kikemikali, na bakteria waliendelea kufa. Basi nta haikuwa na hatia, na kufukuza maji nako hakukuwa chanzo cha kifo. Kilichobaki ni umbo.

Hoja hii ya dhahabu ndiyo nguzo ya kisa chote, na inasikitisha kuona majaribio mengi yaliyofuata kwenye metali na plastiki yakiiruka. Dioksidi ya titani, kwa mfano, ikipigwa na mwanga wa urujuanimno huzalisha kemikali kali za oksijeni zinazoua bakteria zenyewe. Anayedai kwamba nguzo zake za titani zinaua kwa umbo, huku sampuli zake zikikaa chini ya taa hiyo kabla ya jaribio, hajathibitisha kitu mpaka alete kipande bapa cha titani ileile, kilichopitia joto na mwanga uleule, bila nguzo.

Ushahidi wa pili ulitoka kwenye hadubini ya nguvu ya atomi, ambayo haitumii mwanga bali ncha nyembamba sana inayogusa sampuli. Ncha iliwekwa juu ya seli moja moja na kusubiri. Baada ya dakika kama tatu, ncha ilishuka ghafla kwa takriban nanomita 200. Kipimo hicho kinalingana na urefu wa nguzo: seli ilishindwa kushikilia umbo lake na kudondoka hadi chini. Kwamba ilikuwa ghafla kuna maana yake. Sumu ingeilegeza seli polepole, lakini hapa kuna kitu kilichovutwa hadi kikakatika.

Nguzo hazichomi

Picha iliyoenea mitandaoni ni ya bakteria aliyetua juu ya sindano na kutobolewa. Picha hiyo inapotosha, na inawapoteza hata wahandisi, kwa sababu anayeiamini ataenda kutengeneza ncha kali zaidi, ilhali ukali si kitu cha kwanza kinachohesabika.

Anza na uzito. Seli ya ujazo wa mikromita moja ya ujazo ina uzito wa pikogramu moja hivi, na ndani ya maji sehemu kubwa ya uzito huo hubebwa na maji yenyewe. Nguvu inayobaki ikiivuta chini ni kama femtonyutoni moja. Nguvu za kushikamana kati ya seli na uso, zinapopimwa, huwa za kiwango cha nanonyutoni, yaani mara milioni zaidi. Seli haijiangushi juu ya ncha. Inajivuta yenyewe kuelekea kwenye uso kwa nguvu za kushikamana, na nguvu hizo ndizo zinazofanya kazi yote.

Mwaka 2013 Pogodin na wenzake, kundi hilohilo likishirikiana na wanafizikia, walitoa modeli iliyoeleza hatua hii. Kwa kuwa nguzo ni ndogo sana kuliko seli, ngozi ya seli inaweza kuchukuliwa kama karatasi nyembamba inayonyumbuka. Sehemu iliyogusa nguzo hushikamana na kichwa chake na kuanza kushuka ubavuni, ikitafuta eneo kubwa zaidi la kushika. Sehemu iliyo katikati ya nguzo haina pa kushika, na kila ubavu unavyozidi kufunikwa, hiyo ya katikati huvutwa zaidi, kama turubai lililowambwa juu ya miti na kila mti ukilivuta upande wake. Utando wa mafuta wa seli hauvumilii kunyooshwa. Eneo lake likiongezeka kwa asilimia chache tu, unapasuka. Na kwa modeli hii unapasukia katikati ya nguzo, sio juu ya ncha.

Ukiikubali hoja hiyo, unaweza kutabiri nani atakufa na nani atapona. Bakteria wa Gram-hasi, kama Pseudomonas na E. coli, wana tabaka la peptidoglaikani, kitu kinachojenga ukuta wa seli, la nanomita chache tu. Wale wa Gram-chanya, kama Staphylococcus aureus na Bacillus subtilis, wana ukuta wa nanomita 20 hadi 80, mgumu, ambao haukubali kuvutwa. Hasan na wenzake walipopima spishi saba juu ya bawa lilelile mwaka 2013, mgawanyiko ulikuwa huo hasa: wa Gram-hasi walikufa, wa Gram-chanya wakabaki hai. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Branhamella catarrhalis, ambaye ni Gram-hasi lakini ana umbo la duara. Kuwepo kwake kunafunga mlango wa maelezo kwamba vijiti hufa na madonge hupona. Kinachoamua ni ugumu wa ukuta.

Kisha ukaja uthibitisho mzuri kuliko yote. Pogodin na wenzake walichukua bakteria wagumu, wale waliokuwa wakipona, wakawapitisha kwenye mawimbi ya mikrowevu yaliyopunguza ugumu wa seli bila kuwaua, halafu wakawaweka juu ya bawa. Walikufa. Ukibadilisha kitu kimoja tu, ugumu, na matokeo yakageuka kama ulivyotabiri, una haki ya kuiamini modeli.

Yaliyotia doa maelezo hayo

Lakini kuiamini kwa bawa la nyenze si kuiamini kwa kila uso wenye nguzo, na hapa ndipo uwanja huu umekuwa na mabishano ya haki.

Kundi la Queensland lililochunguza bawa la kereng'ende mwaka 2017 lilikuta nguzo za urefu usiolingana, na E. coli aliyeng'ang'ania kwa ute wake mwenyewe. Kwa maelezo yao, madhara huanza pale seli iliyonaswa inapojaribu kusogea: utando unabaki umeshikwa na nguzo huku mwili ukienda. Mwaka 2020 kundi la Bristol, Uingereza, lilikata seli vipande vyembamba vikiwa bado juu ya nguzo za titani na kuvipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Waliona nguzo zimebonyeza na hata kupenya ganda la seli, lakini seli hazikupasuka. Badala yake zilishindwa kugawanyika vizuri, zikajaa kemikali kali za oksijeni, na protini za kujikinga na kemikali hizo zikaongezeka. Mwaka huohuo watafiti wa McGill, Kanada, walionyesha jambo la kusumbua zaidi: juu ya nguzo zinazopenda maji, bakteria waliozama waliendelea kuishi, lakini mpaka wa maji na hewa ulipopita juu yao, maji yakikauka au kuondolewa, waliuawa. Nguvu ya uso wa maji iliwasukuma chini kwenye nguzo.

Hukumu yetu ni hii. Kwa bawa lenyewe la Psaltoda na seli laini, kuvutwa hadi kupasuka kunaelezea takriban kila kilichoonekana. Kwa titani, maelezo ya Bristol yana nguvu zaidi, kwa sababu nguzo zake ziko ovyo, nyingine ndefu, nyingine zimelala, na seli haigusi makumi ya nguzo zilizolingana bali chache zisizolingana. Na onyo la McGill linahusu majaribio yote, hasa yale ambayo sampuli ilisafishwa kwa kumwaga maji kisha ikapigwa picha. Huenda sehemu ya vifo vilivyohesabiwa kama kazi ya nguzo ilitokea wakati wa kusafisha.

Kulirudia jaribio bila kujidanganya

Mtu mwenye maabara ya kawaida ya mikrobiolojia na njia ya kufikia hadubini ya mwanga wa fluoresensi anaweza kulirudia. Hatua zenyewe ni rahisi. Ugumu uko kwenye kulinda tafsiri.

Bawa lioshwe kwa maji yaliyochujwa na kukatwa vipande vya sentimita 1 kwa 1 kwa wembe mpya, kwa kushika pembeni tu. Usitumie asetoni, klorofomu wala vimiminika vingine vinavyoyeyusha nta, maana nta ni sehemu ya nguzo zenyewe, na usiliweke kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke. Kabla ya kuanza, kipande kimoja kiende kwenye hadubini ya elektroni, kwa sababu nguzo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Nyenze wa msituni Usambara si Psaltoda, na vipimo vyake havipaswi kudhaniwa.

Bakteria waoteshwe usiku kucha kwenye mchuzi wa virutubisho kwa digrii 37, kisha waoshwe mara mbili kwa bafa ya fosfeti, maji ya chumvi yasiyobadilisha asidi yake. Kasi ya sentrifuji, mashine inayozungusha seli hadi zikae chini, hapa ni mtego. Ukizungusha kwa nguvu ya mara 15,000 ya mvutano wa dunia unachubua na kujeruhi ganda la nje la seli hata kabla hazijagusa bawa. Mara 5,000 kwenda chini, kwa dakika tano, inatosha. Seli zilizojeruhiwa zitakufa haraka juu ya uso wowote, na wewe utausifu uso.

Halafu wingi wao. Kosa hili halionekani kirahisi. Kimiminika chenye ukungu wa 0.1 kwenye mwanga wa nanomita 600 kina seli karibu milioni 100 kwa mililita, namba ambayo lazima ithibitishwe kwa kuhesabu koloni, yaani madoa ya bakteria yanayoota kwenye sahani. Sasa piga hesabu ya nafasi: sentimita moja ya mraba ni mikromita za mraba milioni 100, na kila seli inahitaji 1.4. Tabaka moja lililojaa kabisa, seli kwa seli, ni milioni 70 hivi. Ukiweka mililita moja juu ya sentimita moja ya mraba, una seli nyingi kuliko nafasi. Za juu zitakaa juu ya maiti za chini na hazitagusa nguzo hata moja. Utasema uso umeshindwa, kumbe haukupewa nafasi. Anza na milioni moja hadi kumi kwa mililita, upande kidogo kidogo.

Hewa ni tatizo la upande wa pili. Bawa linalofukuza maji hushika hewa katikati ya nguzo, na tone likikaa juu ya hewa hiyo, bakteria waliomo ndani ya tone hawajafika. Ukihesabu dakika mbili baadaye utakuta uso msafi na kuandika kwamba bakteria hawakushika. Kipande kizamishwe taratibu kwa pembe, chini ya kimiminika, na kiangaliwe kwa mwanga wa ubavuni: sehemu yenye hewa hung'aa kama kioo cha kujitazamia. Mng'ao ukiwepo, subiri au zamisha tena.

Kwa kutambua hai na mfu, rangi mbili hutumika kwa pamoja: SYTO 9 inayoingia kila seli na kung'aa kijani, na propidiamu ayodidi inayoingia pale tu utando ulipotoboka na kung'aa nyekundu. Dakika 15 gizani zinatosha. Lakini nyekundu inasema tu kwamba utando unavuja. Seli yenye tundu dogo inaweza kuliziba na kuendelea kuishi. Aidha, propidiamu hushika DNA yoyote, ikiwemo ile iliyomwagika kutoka kwa seli zilizopasuka na kubaki kwenye ute, ndiyo maana baada ya saa kadhaa uso mzima huweza kuonekana mwekundu hata mahali pasipo na seli. Rangi pekee haitoshi.

Njia ya pili, kuhesabu koloni, ina udhaifu unaopingana na huo. Ukipima bakteria waliobaki kwenye kimiminika peke yake, kila aliyeshika kwenye bawa atahesabiwa kuwa amekufa, hata kama yu hai na ameng'ang'ania. Ni lazima kuwabandua, na kubandua kwa bafu la mawimbi ya sauti kunaweza kuua. Suluhisho ni kupitisha kipande bapa cha kulinganishia kwenye bafu hilohilo kwa muda uleule, kisha kujumlisha waliobanduka na waliobaki kwenye kimiminika. Jumla ya hai kwenye bawa igawanywe kwa jumla ya hai kwenye kipande bapa. Pima wakati wa kuanza, kisha dakika 5, 15 na 30, angalau vipande vitatu kwa kila muda, na urudie kwa bakteria waliooteshwa siku nyingine. Sampuli isiachwe ikauke hata sekunde moja kabla ya kuhesabu. Mabadiliko ya maji yafanywe kwa kuvuta upande mmoja na kuongeza upande mwingine, ili mpaka wa hewa usipite juu ya seli.

Picha za hadubini ya elektroni zinapendwa na kila mtu na ndizo zinazodanganya kwa ustadi zaidi. Seli hugandishwa kwa glutaraldehaidi ya asilimia 2.5, hupitishwa kwenye ethanoli ya asilimia 30, 50, 70, 90 na 100, kisha hukaushwa. Zikikaushwa kwa hewa ya kawaida, mvuto wa uso wa kimiminika kinachotoweka huzibamiza seli juu ya nguzo na kuzifanya zionekane zimeanguka na kupasuka, hata zile zilizokuwa nzima. Tumia ukaushaji wa nukta hatarishi (critical point drying), ambapo kaboni dioksidi huchukua nafasi ya ethanoli na kuondoka bila kupita kwenye mpaka wa kimiminika na gesi. Na kila picha ya seli iliyobapaa juu ya nguzo iambatane na picha ya seli kutoka kwenye kipande bapa, iliyokaushwa siku hiyohiyo. Bila hiyo, picha haina thamani ya ushahidi.

Kutoka kwenye bawa hadi kwenye silikoni na titani

Mwaka 2013 kundi la Ivanova lilionyesha kwamba silikoni nyeusi, iliyotengenezwa awali kwa ajili ya kunasa mwanga wa jua, huua vilevile. Inachongwa kwa gesi za ioni na kuacha miiba yenye urefu wa nanomita 500 hivi, iliyojikusanya kwa vichaka. Hii iliua hata wa Gram-chanya, na hata spora, yaani seli za bakteria zilizojifunga kwa ganda sugu, kwa kasi iliyokadiriwa kufika seli 450,000 kwa dakika kwa kila sentimita ya mraba. Silikoni hiyo inakubali maji, kwa hiyo ilithibitisha tena kwamba kufukuza maji si sharti la kuua. Miiba mirefu na isiyolingana huinyoosha seli kwa umbali zaidi, ndiyo maana hata ukuta mnene haukuokoa.

Titani ni habari nyingine, na ndiyo inayohusu wagonjwa. Njia iliyozoeleka ni kuzamisha titani kwenye sodiamu au potasiamu haidroksaidi ya molari 1, ndani ya chombo cha chuma chenye bitana ya Teflon, na kukipasha hadi digrii 240 au karibu yake kwa saa chache. Uso hugeuka titaneti ya sodiamu au ya potasiamu yenye nyuzi. Sodiamu au potasiamu hiyo huondolewa kwa asidi hidrokloriki na nyuzi huokwa ziwe dioksidi ya titani. Joto likishuka, nyuzi haziinuki. Muda ukizidi, zinarefuka hadi kulala na kusukana, na uso unaopatikana ni kama wavu usiomvuta bakteria popote. Chombo kisijazwe hadi juu, kwa sababu shinikizo la mvuke kwenye joto hilo linapita baa 30 na Teflon iko karibu na kikomo chake.

Matokeo ya titani yanapaswa kusomwa kwa utulivu. Uso uliotengenezwa Swinburne kwa njia hii, ukichapishwa mwaka 2015, uliua karibu asilimia 50 ya P. aeruginosa waliougusa na karibu asilimia 20 ya S. aureus. Kwa daktari wa mifupa, S. aureus ndiye adui mkuu kwenye vipandikizi, na asilimia 20 ina maana kwamba wanne kati ya watano wanaendelea. Tena kipandikizi hakikutani na bafa safi. Dakika chache baada ya kuingia mwilini hufunikwa na protini za damu, na tabaka hilo linaziba sehemu ya nafasi kati ya nguzo kabla bakteria wa kwanza hajafika. Majaribio yaliyofanywa kwenye seramu yana thamani mara nyingi kuliko yale ya bafa, na ni machache.

Kuna na swali la maiti. Kila seli iliyokufa inabaki imeshika mahali ilipofia, maana kushikamana ndiko kulikoiua. Tukichukua kasi ya juu kabisa ya silikoni nyeusi, seli 450,000 kwa dakika, na tabaka la seli milioni 70 kwa sentimita ya mraba, uso wote unakuwa umefunikwa na maiti kwa dakika 155 hivi, chini ya saa tatu. Kuanzia hapo kila mgeni anatua juu ya mabaki laini yenye chakula. Kwa uso wa kishikio cha mlango, unaofutwa kila siku, hilo linavumilika ilimradi nguzo zistahimili kufutwa, na nguzo za polima za nanomita 200 huvunjika au kulala chini ya kitambaa chenye sabuni. Kwa kipandikizi kilichoko ndani ya paja hakuna wa kufuta. Huko seli za kinga za mwili ndizo zitakazobeba mabaki, na uso unaofaa ni ule ambao seli za mfupa zinaukubali haraka zikaujaza kabla ya bakteria. Ndiyo maana majaribio ya titani yanayostahili kusomwa kwanza ni yale yanayoweka seli za mfupa na bakteria kwenye sahani moja, kwa wakati mmoja, juu ya nguzo zilezile.